Seva Iliyomwita Kicheko

Fundi wa seva wa hospitali hafokei mashine. Husema kelele ni za wasiojua pa kubonyeza. Huvua saa, hupangusa kibodi kwa kiganja kama anayemfuta mtoto uso, kisha vidole vyote huenda vyenyewe, macho hayashuki. Asubuhi hii seva ya majibu ya maabara imegoma. Anaiwasha, inatema mistari michache kwenye skrini, inazima. Anarudia, inazima tena. "Fundi, kuna mama anavuja damu na majibu yake hayafunguki," muuguzi anasema mlangoni. "Nasikia, dada," anajibu bila kugeuka.

Mstari wa mwisho ndio unaomgandisha: seva imetafuta mashine iitwayo Kicheko, ile inayotunza kumbukumbu, haikuipata. Hapa mashine hupewa jina la utani la aliyeifunga, na Kicheko alikuwa mwenzake wa meza ya pili, waliyemzika juzi. Jana fundi alishindwa kuendelea kuliona lile jina kila akifungua skrini, akalifuta kwenye orodha ya anwani, akaweka jingine. Akasahau kwamba seva humwita Kicheko kila inapoamka.

"Umeona tatizo?"

"Nimeliona. Ni mimi."

Analirudisha jina kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi kama mtu asiyewahi kugusa kibodi. Anabonyeza. Muuguzi tayari anakimbilia wodini; majibu yamefunguka. Fundi amebaki na skrini. Seva imemwita Kicheko, na Kicheko ameitika.