Kofia Ndefu Mezani kwa Bosi

Mimi ni nesi hapa Houston, na Wakenya wenzangu kazini huniita Prof. Nikitazama filamu moja tu ya historia ya Amerika, lazima niwafundishe wote, wapende wasipende.

Basi bosi wetu mpya, Andrés, akaweka picha mezani kwake. Mtu amevaa kanzu nyeupe na kofia nyeupe ndefu iliyochongoka, imemfunika uso mzima, macho tu yanachungulia.

"Guys, tumekwisha," nikaandika kwenye grupu yetu. "Bosi ni wa wale wabaguzi wa kofia ndefu nyeupe, waliokuwa wakichoma makanisa ya watu weusi. Na hana aibu, ameitia kwa fremu!"

Kesho yake Andrés akatuletea sufuria ya wali wa kwao, wenye kamba wa baharini na zafarani. Hakuna Mkenya aliyegusa. Akauliza kwa upole kama amekosea kitu. Nikavimba kifua, nikaichukua ile picha, nikamwekea mbele ya macho.

"Huyu ni nani?"

"Mama yangu," akajibu. "Kwetu Sevilla, Uhispania, wanaotubu hufunika uso hivyo kwenye maandamano ya Juma Kuu, kabla ya Pasaka, mwenye dhambi asijulikane. Ni desturi ya kale sana. Hapo anasindikiza sanamu ya Yesu."

Nikaitazama tena. Mama alikuwa ameshika mshumaa. Nyuma yake Yesu alibeba msalaba mkubwa kuliko mlango, na mimi sikuwa nimeuona.

Wanjiru, nesi mwenzangu, akajipakulia wali.

"Prof," akasema kwa sauti, "si wewe ndiye katekista wetu?"