Jina la Pili Kwenye Ripoti

Alipoajiriwa kwenye maabara ya wadudu, kazi yake ilikuwa moja tu: kupiga chapa ripoti za wakubwa. Ndiye aliyekuwa mwanamke pekee katika jengo zima, na wanaume wakambandika jina la Bi Taipu.

Ripoti zote zilisema mbu wa homa wanatoka bwawani. Miaka miwili bwawa lilimwagiwa mafuta ya kuua viluwiluwi, na wagonjwa hawakupungua. Bi Taipu, aliyezipiga chapa hesabu hizo kwa vidole vyake, akagundua kuwa wagonjwa wengi walikuwa wa mtaa wa juu, mbali kabisa na bwawa. Akamwambia Mkuu wa maabara.

"Mama, wewe piga chapa," Mkuu akamjibu bila kuinua macho.

Akarudi kwenye taipu, ila roho haikutulia. Jumamosi akaazima ngazi kwa fundi rangi, akaenda mtaa ule, akapanda paa moja baada ya jingine. Watu walimcheka hadi machozi. Lakini kila mfereji wa bati ulioziba kwa majani ulikuwa umetuamisha maji, na ndani yake viluwiluwi vya mbu tele. Jumatatu akapanga chupa kumi na tisa za maji hayo mezani kwa Mkuu.

Mkuu akachungulia kwenye hadubini, akachungulia tena, kisha akamvutia kiti. "Haya, njoo uwaone mbu wako."

Mifereji ikasafishwa, homa ikashuka. Ripoti ilipoandikwa, ilikuwa na jina la Mkuu peke yake. Bi Taipu akaipiga chapa yote, halafu chini ya jina hilo akaongeza lake.

"Hili nalo limeingiaje?"

"Limepanda ngazi, Mkuu."

Mkuu akaangua kicheko, akatia sahihi.

Bi Taipu alikwenda kusoma akiwa na miaka thelathini na minne na watoto wawili, akarudi mtaalamu, na baadaye akaiongoza maabara ileile. Wasichana aliowafundisha walienea nchi nzima. Bintiye hakuwa mmoja wao; alichagua ushonaji, akafungua duka lake.

"Ulikuwa mama wa kila mtu," binti alimwambia siku mama alipostaafu. "Sisi tulikuwa tunakuazima tu."

Mama hakujitetea. Aliuliza tu kama dukani kuna kiti cha ziada. Tangu hapo akawa anashinda kwa bintiye akikunja pindo za nguo, tena vibaya, naye binti akizifumua na kumwelekeza upya, huku wakipiga soga mpaka wakati wa kufunga.