Samaki Aliyedhaniwa Nusu

Syprose, Mama Duke kwa wateja wake, ndiye aliyewafundisha wanawake wengi wa Kipkelion kununua samaki. Walikuwa wamekuzwa kwa maziwa ya ng'ombe na nyama. Yeye aliletwa huku kutoka ziwani alipoolewa na fundi wa kiwanda cha chai. "Mtazame jicho," aliwaambia. "Kisha mpindue, utazame la pili. Muuzaji akikukataza kumpindua, nenda zako." Meza yake ya samaki sokoni ilisimama kwa kuaminiwa tu.

Alhamisi hiyo samaki wa ziwani hawakufika. Sandukuni mlikuwa na wale tu ambao kaka yake Jackton, anayefanya kazi Kilifi, alimtumia kwa basi awajaribu sokoni: samaki wa baharini, bapa, wadogo kama kiganja, rangi ya mchanga wenye madoa. Hakuwahi kuwaona maishani. Akawapanga mezani, ukungu ukiwa bado haujainuka.

Rodah, mteja wake wa siku nyingi, akampindua mmoja. Upande wa chini ulikuwa mweupe, mtupu.

"Mama Duke! Jicho ingine iko wapi?"

"Mgeuze tena."

"Ai, ziko mbili huku!" Wanawake waliozunguka meza wakacheka, lakini Rodah akaendelea: "Wewe ndio ulisema tuangalie pande zote. Leo umepasua samaki katikati, unatuuzia nusu?"

Syprose angeweza kubuni jibu. "Sijui," akasema. "Tumuulize aliyeniletea." Akampigia Jackton, akaongeza sauti ili wote wasikie.

"Dada, huyo ni gayogayo!" Jackton alikuwa akicheka. "Huanguliwa na jicho huku na huku kama wengine. Akiwa bado mdogo sana, moja linahama, linavuka kichwa, linakaa na mwenzake. Basi analala ubavu kwenye mchanga karibu na miamba, anajifukia, macho tu yakichungulia. Huo upande mweupe uko chini, nani atauona?"

Syprose akauliza, "Na linapohama, linamuuma?"

"Hilo sijawahi kumuuliza."

"Wako huko kwenu peke yake?" Rodah akadakia.

"Wapi, mama! Toka Bahari Nyekundu mpaka huku kwetu, na mashariki mpaka visiwa vya mbali vya Pasifiki."

"Bahari yote hiyo, na sisi ndio tunaletewa." Rodah akamgeukia Syprose. "Lakini huyo ni kaka yako. Lazima akutetee."

Syprose akashika kisu. Akachana ngozi ya juu katikati, akaifunua nyama taratibu, kulia na kushoto, mpaka uti wa mgongo ukaonekana wote, kichwa hadi mkia, miiba imetoka pande zote mbili. Rodah akaupapasa kwa kidole. Akampindua samaki, akabonyeza upande ule mweupe, akakuta nyama nyingine chini ya mifupa.

"Ni mzima," akakubali. Akafuta mkono kwenye leso. "Lakini mimi siwezi kula kitu inaniangalia na macho zote pamoja."

Akaondoka na kikapu kitupu, na wenzake wakamfuata. Pale jirani, Caren muuza mboga akamuuliza kuna nini kwa Mama Duke.

"Hajatudanganya," Rodah akasema. "Ni samaki yake tu tumekataa."

Syprose alimsikia. Akawafunika samaki kwa barafu, akambakisha mmoja wa kukaanga mwenyewe.