Kopo Nyuma ya Jiwe la Katonga

Kisa hiki kinanionyesha bwege. Nalisema mapema ili usihangaike kumtafuta bwege mwingine humu ndani. Ni mmoja tu, mimi.

Kuna mama wa Kasingirima ana nyumba ya wageni juu ya Katonga, kule ziwani dagaa wanakoshushwa. Mgeni mmoja alimfundisha mchezo: unaficha makopo kwenye njia ya porini, kila kopo lina muhuri, wino na daftari. Watu wanapewa vidokezo, wanalitafuta. Ukilipata unagonga muhuri wa kopo kwenye daftari lako, unagonga wa kwako kwenye daftari la kopo, unalirudisha palepale. Mama akaniambia niitengeneze njia hiyo, na wageni wa kwanza wakirudi wanacheka, kazi ya kuongoza ni yangu. Mimi nimetoka Simbo kulima mihogo, nimeishia la saba, sijawahi kulipwa kwa kutembea. Kazi hiyo niliitaka kuliko mke.

Mihuri nilichonga kwa kisu kwenye soli ya kandambili. Kopo la mwisho, lenye muhuri wa samaki wetu mgebuka, ndilo nililolipenda, nikalitafutia mahali pa siri kuliko pote: jiwe kubwa juu ya mwalo, nyuma yake hata mkeo akikutafuta hakuoni. Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha, pamesafishika, panang'aa. Kulikuwa na kinjia kimekanyagwa vizuri. Nikasema nyani hao.

Napanda na kopo langu mkononi, mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa akaniangalia, akasema, "Wewe angalau una kopo. Wenzako wanapanda mikono mitupu."

Nikamshukuru. Nilidhani habari za mchezo zimeshaenea.

Siku ya nne wakaja wageni wa kwanza, mwalimu na mkewe kutoka Dodoma. Makopo ya mwanzo waliyapata fresh, mke anarukaruka kama mtoto. Kukaribia jiwe, upepo ukageuka. Mwalimu akauliza kuna nini kimekufa. Nikamwambia ni dagaa, bosi, ziwa letu ndivyo linavyonukia. Mke akafunika pua na mtandio. Mimi nilishaiona kazi iko mfukoni, nikasema hili la mwisho nawatolea mwenyewe, nikapeleka mkono chini ya jiwe bila kuangalia.

Kilikuwa laini. Kilikuwa bado na joto.

Kiliingia mpaka kwenye kucha. Nzi wakainuka wote kwa pamoja, kisha wakaja kunitua mdomoni, na najua walikotoka. Kutazama chini, jiwe zima limezungukwa: la jana, la juzi, la mtu aliyekula mahindi. Nikatapika hapohapo, nikawaongezea.

Mwalimu akalivuta kopo kwa kijiti. Muhuri upo, wino upo, daftari limebaki majalada. Juu ya mfuniko nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa: UKIMALIZA FUNGA, RUDISHA. Na watu walikuwa wametii, jamani. Kila mmoja alichana ukurasa wake, akafunga kopo, akalirudisha. Kurasa zenyewe zilikuwa pale chini. Mmoja una mgebuka wangu niliyemgonga kwa majaribio, anaogelea kwenye kitu ambacho si maji.

Tulirudi, hakuna aliyecheka. Mkono nikausugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa sabuni ya mche, kwa limao. Harufu ikagoma, au ilihamia puani. Nikaanza kula ugali kwa kijiko, mama yangu kule Simbo akauliza tangu lini nimekuwa mzungu.

Kuongoza akapewa kijana mwingine. Mimi yule mama wa wageni alinikabidhi koleo na kunionyesha pa kuchimba choo, ila kwanza nikasafishe pale nyuma ya jiwe.

Asubuhi nikiwa nakwangua, nimeziba pua na kitambaa, akaja mvuvi mmoja ametoka ziwani, mtu mzima, mpole, taulo begani. "Mwakeye," akanisalimia kwa Kiha, halafu akauliza kama ni mimi niliyekuwa nimeweka lile daftari. Nikasema ndiye, nikasimama vizuri nimsikilize akiniomba radhi.

"Mungu akuzidishie, mdogo wangu," akasema. "Ila zimeisha. Ukileta nyingine tafuta laini kidogo, zile zilikuwa zinakwaruza."