Swali la Siri Mkomani

Juzi nilipeleka simu ya marehemu mke wangu kwa fundi wa kompyuta mtaani kwetu Mkomani, hapa Amu. Ndani mna sauti yake akisoma Kurani, na nyingine akinigombeza, na simu yenyewe inakaribia kufa. Fundi akasema ataweka nakala mbili mtandaoni, mahali mbalimbali, kisha tuzifunge kwa neno la siri.

"Weka Bismillahi," nikasema.

"Mzee, nusu ya mtaa wameweka hiyo. Tuanze na swali la siri. Mwalimu wako wa kwanza wa madrasa ni nani?"

Wateja waliokuwa wakingoja wakamtaja kwa pamoja, wakamwombea rehema.

"Jina la mama yako?"

Wakalitaja, na la bibi juu yake.

Fundi akashusha pumzi. "Basi kitu mnachokijua wewe na marehemu tu."

Nikamnong'oneza, "Jina alilokuwa akiniita akikasirika."

Bi mmoja nyuma yangu akatengeneza buibui lake. "Hilo nalo twalijua, Bwana. Madirisha yenu yalikuwa wazi, na Bi alikuwa na sauti, Mungu amrehemu."

Fundi alinipa herufi zisizo na maana, nazikariri baada ya kila swala. Alhamdulillahi, sauti i salama. Ila naona Mkomani walikuwa na nakala yao zamani.