Mwiko Uliokwenda Uturuki

“Bi Sabiha, mbona umerudi na siku zako hazijaisha?”

Nilimuuliza hivyo mwaka 2003, nikiwa na miaka kumi na moja, nimesimama mlangoni kwake nyuma ya mama. Mama alinifinya bega papo hapo, maana mtoto hamuulizi mtu mzima swali la namna ile. Bi Sabiha alikuwa amekalia sanduku lake la safari, buibui bado mwilini, viatu bado miguuni. Alinitazama, akamtazama mama, akasema, “Chai yao haina maziwa.” Kisha akaomba maji ya kunywa.

Nilikuwa mdogo lakini si mjinga. Alipelekwa Uturuki kwa siku ishirini na moja, akarudi baada ya siku kumi. Mtu haachi siku kumi na moja za kulala kwenye maji moto kwa ajili ya maziwa.

Tunaishi jengo moja hapa Hyattsville, kando ya Washington, sisi juu, yeye chini yetu kabisa, kiasi kwamba vitunguu vyake vinapoanza kukaangwa sisi ndio wa kwanza kujua. Ni Mzanzibari wa Vikokotoni. Alikuja Marekani akiwa mjane na mtoto mmoja, Badawi, na kwa miaka kumi na sita alikunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya Washington. Shuka linatoka kwenye mashine likiwa la moto, mikono inaingia kwenye maji baridi, inatoka, inarudi kwenye moto. Yeye husema huko ndiko baridi yabisi ilikomwingilia. Daktari alisema sivyo, ni ugonjwa wa viungo tu, ungempata hata angekuwa karani. Bi Sabiha alisema daktari yule hajawahi kukunja shuka.

Mwaka ule vidole vyake vilikuwa tayari vimekaa kama vipande vya tangawizi mbichi. Asubuhi alikuwa akigonga bomba la maji kwa kijiko, na mama akisikia ananituma nishuke nikamfungulie chupa ya dawa.

Lakini watu hawakumjua kwa mashuka wala kwa vidole. Walimjua kwa mwiko. Sisi Waswahili wa huku ni mchanganyiko, kuna wa pwani na wa bara, wa msikitini na wa kanisani, ila ikifika harusi au msiba, kazi ni moja. Wanawake kumi watakata vitunguu na kuchambua mchele, lakini mwiko wa pilau unashikwa na mmoja. Huyo ndiye anayesema mchele uingie lini. Ndiye anayepalia makaa juu ya mfuniko, na hakuna anayefunua mpaka atamke. Bi Sabiha alikuwa akipikia kwenye maegesho ya magari nyuma ya ukumbi, na siku moja jirani aliona sufuria lina moto chini na moto juu akawaita wazimamoto. Walikuja wanne. Aliwapa sahani nne na kuwaambia wasifunue.

Na mwisho kabisa, anayeshika mwiko ndiye anayegawa ukoko, ule wali wa chini ulioshikana ukawa wa kahawia, mgumu, una mafuta na bizari yote. Ukoko haupangiwi foleni. Unapewa kwa mapenzi. Mimi nilikuwa napewa wa kwanza, na nilitembea nao ukumbini taratibu ili watoto wengine wauone vizuri.

Badawi alikuwa anafanya kazi ya kompyuta Rockville. Alisoma kwenye mtandao kuhusu mji mmoja mdogo wa Uturuki ambako maji yanachemka yenyewe kutoka ardhini, watu wenye viungo vibovu wanalazwa kwenye tope la moto mpaka shingoni, wanawake upande wao na wanaume upande wao. Akamkatia mama yake tiketi bila kumuuliza, maana angeuliza angekataliwa.

Habari ilipofika ghorofa ya pili, jengo zima liliumwa viungo.

“Mimi goti langu linalia kama lango la kanisa,” alisema Waringa, Mkenya wa mlango wa pili. “Na kijana wangu aliniletea nini? Soksi. Aki huyo Badawi si angeninunua na mimi nikuwe mama yake wa mkono wa kushoto.”

“Wewe goti lako ni uzito,” mama alimwambia.

“Uzito ni wangu, goti ni la Mungu. Sabiha, niweke kwa sanduku.”

Mama alicheka, lakini usiku, wakati wa chakula, nilimsikia akimwambia baba kwamba mgongo wake nao una miaka minane haujapumzika. Mimi nilikuwa mbaya kuliko wote. Kila tukifungua shule mwalimu alituuliza tulikwenda wapi, na mimi nilikuwa nimekwenda Baltimore mara mbili. Nilichukua atlasi, nikaiweka Uturuki chini ya kidole, nikaona kidole changu kinaifunika yote. Nikafikiri, mtu mzima asiyependa hata kupanda treni mpaka Shaw, hapo Washington, ndiye anapelekwa huko.

Aliyeionea mashaka safari ile alikuwa Bi Sabiha mwenyewe. Siku zake ziliangukia harusi ya Silvanus na Anna, vijana wa Kiswahili wenzetu wa huku. Alimwita Silvanus nyumbani kwake, akamkaribisha chai, akamwambia, “Mwanangu, ahirisheni wiki tatu tu. Mapenzi hayaozi.”

“Mama, kadi zimeshafika mpaka Moshi,” Silvanus akasema, macho kwenye kikombe. “Ila tumepata wa kushika mwiko. Vumilia atatusaidia.”

Vumilia alikuwa mtu wa Tanga, aliyehamia kutoka Ohio mwaka uliotangulia, mtunza wazee, mwanamke mwenye mikono myepesi na sauti ndogo. Bi Sabiha alikuwa na mengi juu yake. Anakaanga vitunguu kama anayekimbilia basi. Anaonja kwa kijiko cha chai. Anacheka na chungu. Sijui kucheka na chungu ni kosa gani, lakini alivyolisema nilihisi ni kubwa.

Siku moja kabla ya safari Vumilia alikuja kwa adabu zote, na khanga mpya mkononi, kuomba mwiko. Ulikuwa mwiko wa mti wa mwembe, mrefu kama mkono wa mtu mzima, uliotoka Unguja kabla mimi sijazaliwa. Kwetu hakukuwa na mwingine wa kufika chini ya sufuria lile.

“Mwiko?” Bi Sabiha akasema. “Wallahi hata sijui, hebu tafuteni mwengine. Hii nyumba imekuwa kama stoo.”

Vumilia akashukuru, akaacha khanga, akaondoka. Nusu saa baadaye Badawi aliniita nikalie sanduku la mama yake ili zipu ifunge. Nilikaa, kitu kigumu kikanichoma pajani. Nikainua kifuniko. Mwiko ulikuwa umelazwa kona kwa kona katikati ya madera. Bi Sabiha aliweka kidole kimoja kilichopinda mdomoni. Nilikaa tena juu ya sanduku, kwa nguvu zaidi.

Alipotoka na teksi nilisimama dirishani nikijaa wivu, wivu kwa mtu, na wivu kwa kijiti cha mbao ambacho nacho kilikuwa kinapanda ndege.

Siku ya harusi, kwenye ukumbi wa Temple Hills, wanawake walizunguka sufuria wakitazamana. Waringa akachukua ufunguo wa gari, akarudi na kasia la mtumbwi alilonunua duka la vifaa vya michezo. Walilisugua kwa maji ya moto na ndimu mpaka likakwajuka rangi. Vumilia alilishika, akalipima uzito, akacheka, akaanza kukaanga.

Watu walipokuwa wanakula simu ya mama ililia mkobani. Mama alikuwa anagawa nyama, kwa hiyo niliipokea mimi.

“Ombeni? Ni mie.” Sauti ilikuwa inatoka mbali, kuna maji yanatiririka nyuma yake. “Mama yako yuko wapi? Haya, pilau vipi?”

Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia kuhusu kasia. Nilimwambia sufuria limeisha kabla wageni wa Virginia hawajafika mezani. Akaniuliza kama nimepewa ukoko wangu.

“Nimepata kidogo tu, Bi Sabiha. Hata ukoko umekwisha, watu wameugombania.”

Simu ikakatika. Nilidhani kadi yake ya simu imekwisha.

Siku ya tatu baada ya hapo alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, na mimi nikauliza lile swali, na yeye akanijibu habari ya maziwa.

Aliniletea kadi ya picha yenye mlima, na akawaletea wanawake tope kwenye chupa ya jamu. Waliligawana kwa kijiko na kukaguana vijiko. Waringa alijipaka gotini, akasema linanuka yai bovu, akaomba tena. Kwa Bi Sabiha tope lilikuwa limefanya kazi kweli. Idd iliyofuata alishika mwiko wake, “niliuona uvunguni,” akasema, na hakuna aliyeuliza uvungu wa wapi. Aligeuza sufuria peke yake. Hakumpa Vumilia hata kazi ya kuosha mchele.

Lakini siku kumi si ishirini na moja. Baridi ilipoingia vidole vilirudi vilivyokuwa, na mwaka uliofuata vikazidi. Kwenye msiba mmoja mwiko ulimponyoka ukazama kwenye mchuzi, akasema ni mvuke. Badawi alitaka kumkatia tiketi tena. “Uturuki nimeshaiona,” akamjibu. Alitaka kumpeleka mara tatu, na mara tatu palikuwa na shughuli ya mtu mwezi ule. Nilikuwa namsikia kupitia sakafu akimtajia Badawi majina ya wanaooa.

Hakukuwa na siku aliyomkabidhi Vumilia mwiko. Mwaka 2007, katikati ya kukaanga, Bi Sabiha aliuacha umeegemea ukingo wa sufuria ili apumzishe mkono, na vitunguu vilikuwa vinakaribia kuungua. Vumilia akaushika. Bi Sabiha akautazama mkono wa Vumilia, kisha akavuta kiti. Tangu hapo yeye hukaa kwenye kiti hicho karibu na moto, akitoa hukumu.

“Bizari imezidi.”

“Ndiyo, mama.”

“Hiyo ndiyo unayoita kahawia?”

“Nangoja kidogo, mama.”

“Unangoja basi?”

Na ukoko ukawa unagawiwa na Vumilia. Wa kwanza kupewa alikuwa binti yake wa miaka saba, ambaye aliutembeza ukumbini taratibu, kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nasoma kemia, na nilimchukia mtoto yule kwa sababu ya wali ulioshikana. Ndipo nilipoanza kumwelewa Bi Sabiha, ingawa si vizuri sana.

Mwezi uliopita, Aprili 2009, Silvanus na Anna walifanya sherehe ya mtoto wao kutimiza miaka mitano, ukumbi uleule wa Temple Hills. Mimi namaliza shule mwaka huu. Nilikaa karibu na kiti cha Bi Sabiha kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na joto. Vumilia alipofunua, alikwangua chini, akaweka ukoko wa kwanza kwenye sahani, akampita binti yake, akaja akapiga goti mbele ya Bi Sabiha.

“Nionjee, mama.”

Bi Sabiha alipokea sahani kwa viganja viwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga, kwa sababu vidole havikamati. Vumilia alirudi kwenye sufuria. Mimi nikaumega ule ukoko vipande vidogo. Tukala.

“Bizari imezidi,” akasema, akafungua mdomo apewe kingine.

Kule kwenye meza mtu alikuwa anahadithia harusi ile, kasia na Waringa, watu wanacheka. Bi Sabiha naye alicheka kidogo kwa pua. Nikaona sitapata siku nyingine nzuri kama hiyo.

“Bi Sabiha, ile safari ya Uturuki. Mbona ulirudi na siku zako hazijaisha? Na usiniambie maziwa.”

Alitafuna mpaka akamaliza. Alimtazama Vumilia aliyekuwa anacheka na chungu.

“Asubuhi ya harusi ile nilifunga ngumi,” akasema. “Hii hapa, ya kulia. Ilikuwa miaka sita haijafunga. Yule mama wa kunipaka tope akaibusu. Nikasema wacha niwapigie, nimwambie mama yako, nyote mko pamoja leo, mtafurahi. Ukapokea wewe, mdomo umejaa, ukaniambia hata ukoko umekwisha. Sasa Ombeni, mwanangu, baada ya hapo mtu atalala vipi kwenye tope?”