Homa ya Siku Tisa

Apa kwanza, mama, kwamba haya hutamwambia mtu. Umeapa? Vizuri. Mimi sikuapa, ndiyo maana nayaandika gazetini.

Ni mwaka ule watu wa Kasai walipokuwa wakifukuzwa Kolwezi. Nilikuwa hospitalini nikimtunza binti yangu aliyejifungua kwa kupasuliwa. Kitanda cha pili alilala mama mmoja wa Kasai na kichanga chake. Watu wake wote walikuwa wanalala stesheni, kwenye mvua, wakingojea treni isiyofika. Na daktari wetu alikuwa na sheria moja: ukizaa, kama hukupasuliwa wala huna homa, siku ya tatu beba mtoto uende. Kwa mama huyu, kwenda kulikuwa ni kumlaza mtoto matopeni.

Siku ya tatu homa ikampanda. Ya tano, homa. Ya tisa, homa tena, na mgonjwa anaomba aongezewe sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo!

Mkunga mkuu akanitolea macho. "We mama muzee, ni weye unamufundisha kudanganya?"

"Mi? Termometa iko mu mikono ya dokta!"

"Dokta hachekake na mutu. Leo nitakamata mwenye kudanganya."

Saa sita daktari akaja kupima, akafunga pazia kama kawaida yake. Mkunga akalivuta ghafla, wodi nzima tukitazama. Mama alikuwa ananyonyesha, mabega yanatikisika kwa kicheko. Daktari alikuwa ameinama juu ya sahani ya mgonjwa, termometa ameichomeka katikati ya donge la bukari, ugali wetu, ya moto.

Bukari ilikuwa na thelathini na tisa.